Mitoo ya Mama Mdogo

Kwa miezi mitano niliiba mboga za mama yangu, kijiko kimoja kila mara. Njaa sikuwa nayo. Niliziiba kwa sababu nilimshuku mdogo wake.

Mboga zenyewe ni mitoo. Kwa asiyeijua, ni mboga ya majani ya kwetu magharibi mwa Kenya, ya ukoo mmoja na kunde na maharagwe. Ina maua ya njano na maganda yanayolia kama kayamba yakikauka. Majani yake ni membamba, hukaa matatu matatu kwenye kikonyo kimoja, na ni machungu. Uchungu huo ndio sifa yake. Ukipikiwa mitoo isiyo chungu, utarudi nyumbani ukisema huyo mpishi kwao hawapiki.

Mama mdogo anaishi Katy, upande wa Houston, na mitoo yake huipanda nyuma ya nyumba. Akishavuna huichambua, akaianika, akaisugua kwa viganja mpaka iwe vipande vidogo kama majani ya chai, kisha huijaza kwenye kopo kubwa la kahawa na kutuletea kwetu DeSoto, kaskazini mwa Texas. Ni mwendo wa saa nne na zaidi, ukibahatika na magari. Mama huiloweka, akaichemsha, akaimwagia maziwa na kuilaza mpaka kesho. Jumapili tukitoka kanisani Cedar Hill, hiyo ndiyo inayoliwa kwanza, nyama ifuate.

Lazima niseme pia kwamba makopo hayo hayakuwa mboga tu. Nyanya alipofariki, mama hakuweza kusafiri. Karatasi zake zilikuwa bado, na angetoka asingerudi. Mama mdogo alienda peke yake. Tuliyatazama mazishi kwenye simu, na katikati ya sala mama akaliona gauni alilomtumia nyanya Krismasi iliyopita. Alikuwa amelivaa jirani. Mama mdogo alikuwa amemzika nyanya na gauni alilonunua yeye, lile la mama akaligawa. Dada hao wawili hawakuongea kwa miaka mitatu. Halafu siku moja kopo la kahawa lilikutwa mlangoni kwetu, bila barua. Mama alilifungua, akanusa, akakaa chini palepale penye viatu. Jioni hiyo alipiga simu Katy na wakaongea mpaka chaja ikatafutwa.

Kwa hiyo nilipoanza kulishuku kopo, nilijua ninashuku nini.

Yote yalianza na kipimo cha damu. Mama ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee, na kazini walitaka apimwe afya. Daktari akampigia kwamba ini lake halikai sawa, arudie kipimo baada ya miezi mitatu. Akamuuliza kama anatumia dawa za mitishamba.

“Nimemwambia hapana,” mama alinieleza, huku akijimenyea chungwa.

“Na mitoo?”

“Mitoo ni dawa tangu lini? Ni mboga.”

Hapo ndipo niliposhindwa kulala vizuri. Mimi ni mtu wa kurudi mara nne kuangalia kama jiko limezimwa. Niliacha chuo baada ya mihula miwili kwa sababu sikuweza kukabidhi ripoti yenye neno lililofutwa. Niliziandika upya mpaka siku ya kukabidhi ikapita. Sasa nafanya kazi ghalani, napanga masanduku, na wakati wa mapumziko nasoma kuhusu mimea kwenye simu. Sina cheti chochote. Nina hadubini moja kuukuu niliyoipata kwa mwalimu aliyekuwa anahama Cedar Hill, yenye lenzi iliyokwaruzwa upande, na nina madaftari kumi na moja.

Katika kusoma huko nilikutana na jambo. Ukoo wa mitoo ni mkubwa, na si ndugu wote ni wa kuliwa. Wapo wenye sumu inayolila ini polepole, bila kelele, hata ng'ombe wanaozoea kula mmea huo malishoni hufa. Na baadhi yao huota wenyewe huku kusini mwa Texas, kando ya mitaro na barabara. Maua ya njano. Maganda yanayolia. Majani matatu matatu. Mmea huo mimi niliuita mitoo-mwitu.

Nikaanza kukumbuka maneno ya mama mdogo. Aliwahi kusema kwenye simu, akicheka, “Mwaka huu imeota hata bila kumwagiliwa!” Imeota wapi bila kumwagiliwa, kwenye joto la Houston? Na mbona makopo yalikuwa mengi hivyo? Nyumba za Katy nazijua, uwanja wa nyuma ni kipande cha nyasi ambacho ukipiga chafya jirani anakuombea. Na Pasaka tulipokwenda kwake niliomba nione bustani, akasimama mlangoni kwa mwili wote.

“Leo hapana, mama. Huko nyuma kumechafuka.”

Ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la nyanya. Kwa hiyo akinikatalia kitu, hukataa kwa adabu sana, na mimi adabu hiyo niliisikia kama kufuli.

Siku hiyohiyo, tukiwa tunarudi, niliona maua ya njano kwenye ukingo wa mtaro, dakika tano tu kutoka nyumbani kwake. Nilimwambia mama nina kichefuchefu, asimamishe gari. Nikashuka, nikainama kwenye nyasi kama anayetapika, nikachuma maganda makavu na kuyatia mfukoni. Yalilia mfukoni mwangu mpaka DeSoto. Mama akaongeza sauti ya nyimbo za injili.

Sasa nieleze kazi yenyewe, kwa sababu bila hiyo hutaelewa nilivyokosea. Jani bichi na zima halina shida. Umbo lake linakwambia jina. Lakini mboga iliyokaushwa na kusuguliwa haina umbo. Hata kile kiungo ambapo majani matatu hukutana huwa kimeshatupwa, maana mama zetu hawawezi kupika vikonyo. Mboga isiyochambuliwa ni aibu ya mwenye nyumba. Kinachobaki ni ngozi ya jani. Na ngozi, ukiikuza, ina mambo yake: matundu ambayo jani hupumulia na jinsi seli zinavyoyazunguka, kuta za seli kama zimenyooka au zimepindapinda kama mto, na nywele. Nywele ndizo nilizozipenda. Kila mmea una namna yake ya kuota nywele, na hata unywele ukikatika hubaki kitako chake, duara dogo kwenye ngozi, na ukiwa na subira utajua ulikuwa umelala au umesimama.

Nilijifunza kuloweka vipande kwenye maji ya moto, kisha kwenye dawa ya kung'arishia nguo mpaka viwe kama kioo, nikavisuuza mara tano, nikatia tone la rangi ya keki ili kuta zionekane. Nilipotaka kuliona jani kwa upande, nilichana karoti, nikabana kipande ndani ya ufa, nikakata vyote pamoja kwa wembe, vyembamba kadiri nilivyoweza. Mama aliuliza kwa nini karoti zinaisha na hakuna anayezila. Nikasema nakula kazini.

Kijiko cha kwanza nilichoiba kilikuwa safi. Vipande arobaini, nywele fupi, chache, zote zimelala upande mmoja kama zimechanwa kwa kitana. Nilikuwa na mche mmoja wa mitoo ya kweli niliyoiotesha dirishani kutokana na mbegu za mama wa kanisani, na nywele zake zilikuwa vilevile. Mtu mwingine angefunga hadubini na kwenda kulala.

Mimi nilisema: utajuaje sura ya mwizi ambaye hujawahi kumwona?

Ndiyo maana nilipanda mitoo-mwitu. Nilitaka niwe nao, hai, niijue ngozi yake kabla sijasema neno juu ya mtu. Mbegu za mimea hii ni ngumu. Nilizimwagia maji ya moto zikalala usiku mmoja, nikazipanda kwenye ndoo mbili za rangi nyuma ya nyumba, nyuma ya mashine ya AC, mahali ambapo mama hana sababu ya kufika. Kwenye ndoo niliandika “Na. 7” na “Na. 8”. Sikuandika jina. Nilihofia mama akisoma atauliza, na akiuliza nitasema, na nikisema ataiambia Katy, na Katy watajiandaa. Ndivyo nilivyowaza, neno kwa neno. Nilikuwa nimemgeuza mama mdogo, mwanamke anayeuza viatu vya mitumba mtandaoni na kuimba sauti ya pili kanisani, kuwa mtu wa kujiandaa.

Ziliota vizuri mno. Kufikia Juni zilikuwa zimenifika kiunoni. Majani yake yalikuwa mapana kuliko ya mitoo, ya mviringo kidogo, na chini ya hadubini nywele zake zilikuwa ndefu na zimesimama huku na huku, kama za mtu aliyeamka. Nilifurahi. Ningeweza kuzitofautisha hata nikiwa na homa.

Julai mama mdogo akaleta kopo jipya. Nikaiba kijiko, nikapima, safi. Nikasubiri. Mwishoni mwa Agosti mama, baada ya kuahirisha mara mbili, akarudia kipimo, na ini lilikuwa limezidi kuharibika. Usiku huo niliiba kijiko kingine kutoka kopo lilelile.

Kipande cha tisa kilikuwa na nywele zilizosimama. Cha kumi na tatu pia. Kati ya vipande arobaini, kumi na moja vilikuwa mwitu.

Nilikaa sakafuni. Nakiri kwamba pamoja na hofu, kulikuwa na kitu kingine kifuani, kitu kibaya: nilihisi nimefaulu.

Asubuhi nilimzuia mama asipike.

“Mama, hiyo mitoo usile kwanza.”

“Kwa nini?”

“Naipima.”

“Unapima mboga ya dada yangu.” Hakuuliza, alisema. “Daktari wa majani. Unajua nilikaa miaka mitatu bila kusikia sauti ya huyo mtu?”

“Najua.”

“Basi usinipimie.” Akachukua mkoba, akaenda kazini. Sikumwambia nilichoona. Nilitaka niwe na uhakika wa mia kwa mia, niione bustani kwa macho yangu, ndipo niseme. Niliificha hadubini, lakini kopo sikulificha. Hilo ndilo jambo ambalo nikilikumbuka nasimama, hata kama nipo kwenye foleni ya duka. Nilikuwa na ushahidi wa sumu, nikauacha jikoni kwa sababu ripoti yangu haijakamilika.

Jumamosi, kabla jua halijapanda, nilishika njia ya Houston. Saa nne na nusu asubuhi nilikuwa mlangoni Katy.

Mama mdogo alifungua akiwa na kilemba na kandambili zenye matope.

“Mama! Bila simu? Nani amekufa?”

“Hakuna aliyekufa, Anti.”

“Hujaolewa pia?”

“Hapana, Anti.”

“Basi vua viatu uingie. Chai ipo, ila maziwa ni yale ya mlozi, mume wangu siku hizi anaogopa ng'ombe.”

Nilibaki nimesimama. “Anti, ningependa kuona bustani.”

Alinitazama. Ana macho ya nyanya, yanayokutazama kama unachelewa kusema. “Ni dada yangu amekutuma?”

“Hapana. Hajui nimekuja.”

“Kwa hiyo umekuja kunikagua.”

Akageuka, akapita sebuleni, akafungua mlango wa nyuma kwa nguvu hata pazia likamfuata.

Mitoo ilikuwa kila mahali. Ilikuwa imepangwa kando ya uzio, mistari miwili, imefichwa nyuma ya maua marefu ili isionekane kutoka barabarani. Ubao mmoja wa uzio ulikuwa umeng'olewa, na kupitia pengo hilo niliona uwanja wa jirani umejaa mitoo tupu.

“Mzee wa hapo alifiwa na mkewe, akaniambia nipande, hataki kuona pakiwa patupu,” alisema. “Anamwagilia mwenyewe kila asubuhi, mimi sigusi hata bomba. Na chama cha wenye nyumba wamekataza mboga. Mboga! Nimeletewa barua tatu. Ndiyo maana sionyeshi watu. Hata wewe, usipige picha.”

Nikatoa kioo cha kukuzia. Nilipiga magoti kwenye matope, nikapita mstari kwa mstari, jani kwa jani, na yeye akisimama nyuma yangu mikono kiunoni. Majani membamba. Nywele zimelala. Nikavuka pengo, nikapima na za mzee. Hakukuwa na mwitu hata mmoja.

“Umepata?” akauliza.

“Hapana.”

“Ulikuwa unatafuta nini?”

Nikamwambia. Nilimwambia habari za ini, za vijiko, za vipande kumi na moja. Niliongea haraka, kama ninavyoongea nikijua nimechelewa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa kandambili moja, akagonga matope kwenye ubao wa uzio, akaivaa tena.

“Kwa hiyo mimi namlisha dada yangu sumu.”

“Anti, sikusema...”

“Umesema. Kwa lugha ya shule, lakini umesema. Nilimgawia gauni lake yule jirani kwa sababu ndiye aliyemwosha nyanya yako siku zote hizo tukiwa huku tunatuma picha. Hilo sikuwahi kumweleza, nikanyamaza nikapanda mboga. Na sasa wewe, mwenye jina la mama yangu, unapiga magoti kwenye shamba langu na kioo.” Halafu, kwa sauti ya kawaida kabisa, akauliza, “Na zile zako za kwenye ndoo, umezipima?”

“Ndoo gani?”

“Usinifanyie ujinga. Zile unazompandia kwa siri, nyuma ya AC. Ameniimbia mwezi mzima! ‘Mtoto wangu ananipandia mitoo, anadhani sijaona. Namwacha, atanionyesha siku yake.’ Anachuma vile vichwa vya juu asubuhi ukiwa umelala, ili zisikatike kwa urefu. Anasema zikichumwa ndiyo zinachipua.”

Nilikuwa nimeona zile ndoo kila siku. Niliona matawi yamekatwa juu, nikaandika kwenye daftari: “Panzi?” Ndivyo nilivyoandika, na alama ya kuuliza.

“Anti,” nikasema, “zile ndizo zenye sumu.”

Hakupiga kelele. Alinishika bega akanisukuma kuelekea mlangoni. “Endesha. Mimi nitampigia. Endesha polepole, wewe ukifa huko njiani mimi nitasema nini tena?”

Mama alikuwa kazini na simu yake ilikuwa kwenye kabati. Ni sheria yao. Nilipiga kutoka kila kituo cha mafuta. Mahali fulani kabla ya nusu ya njia, mama mdogo ndiye aliyenipigia. Alikuwa amepata namba ya simu ya ghorofa anayofanya kazi mama, akajifanya ni mgonjwa, akadai dada yake aitwe.

“Nimempata. Chakula alikuwa ameshakifungua.”

“Amekula?”

“Amesema vijiko viwili. Nimemwambia ateme, akaniambia mimi ni mdogo wake, simwamrishi. Lakini ametupa.” Nikasikia akipumua. “Hajui kwa nini. Hilo utamwambia wewe.”

Nilimkuta mama amerudi mapema, ameketi kwenye meza ya jikoni na sare yake, kopo la kahawa mbele yake na kifuniko kando. Kupitia dirisha la nyuma la gari lake nilikuwa nimeshaona: trei ya keki, gazeti, na majani mapana yaliyokauka vizuri. Sisi sote huku hukausha mboga ndani ya gari. Kwa joto la Texas, siku moja inatosha. Alikuwa anayakausha na kuyaongeza kwenye kopo la dada yake ili lisiishe haraka.

Nikamwambia. Nilisimama, sikuweza kukaa.

“Nilifikiri ni zawadi,” alisema. “Niliona majani yamenona, nikasema basi, hata mboga zikifika Amerika zinanenepa.” Alijaribu kucheka. “Wewe unaandika mpaka kwenye chupa ya chumvi. Friji yangu imejaa karatasi zako. Hapo tu ndipo ulikosa kalamu?”

“Niliandika namba.”

“Namba.”

“Nilihofia utamwambia Anti.”

“Na ningemwambia,” mama alisema. “Ningemwambia, na yeye angeniambia usiguse.”

Nikalifunga kopo kwa kifuniko chake, nikalitoa jikoni.

Jumatatu tulikwenda kwa daktari. Nilibeba kurasa nne zenye michoro. Alisoma jina la mmea kwenye mstari wa kwanza, akanirudishia zilizobaki. Alimuuliza mama amekula mara ngapi, kiasi gani, akamwambia asile chochote cha kukaushwa wala vidonge vya maumivu bila kumuuliza. Alisema kiasi kilikuwa kidogo, lakini ini halihesabu nia ya mtu. Tulirudia vipimo, tukarudia tena. Vilishuka polepole. Kilichokuwa kimeanzisha lile tatizo la kwanza, kabla ya ndoo zangu, daktari hakujua. Mimi pia sijui. Nina dhana saba, nimezipanga kwenye daftari la kumi na mbili, na siku hizi sizisemi.

Mimea ya kwenye ndoo niliing'oa, nikaifunga kwenye mifuko miwili miwili na kuitupa. Kisha nikampigia mama mdogo. Nilikuwa nimeandika ombi langu la msamaha kwenye karatasi, nikaliandika upya mara sita. Alipopokea nikasoma.

“Unasoma?” akauliza katikati.

“Ndiyo, Anti.”

“Acha kusoma.”

Nilipoacha, nikalia tu, naye akaniacha nilie muda mrefu bila kunibembeleza. Mwishoni akasema, “Haya, mama. Nimesikia.” Habari ya gauni alimweleza mama mwenyewe, hilo si langu kusimulia.

Lakini nyumbani kulibadilika kitu. Mama alianza kunitazama mikono. Nikimpa chai, huinusa kwanza, taratibu, akidhani sioni. Nikipika ugali anauliza unga umetoka kwenye mfuko gani. “Hii umeitoa wapi?” huuliza, hata kama ni sukumawiki ya dukani yenye bei bado imebandikwa. Nami humjibu kila kitu: duka, siku, rafu. Simlaumu. Najua jinsi mtu anavyofika hapo.

Oktoba mama mdogo alikuja. Hakuleta kopo. Alifungua buti la gari na ndani mlikuwa na mitoo mizima, imeng'olewa na mizizi yake, udongo ukidondoka, vikonyo, maua, maganda, kila kitu.

“Sijachambua,” alitangaza uwanjani, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. “Nimeileta na shina, daktari wa majani asipate shida. Mizizi pia anataka kuona? Ile pale.”

“Dada, punguza sauti,” mama alisema, lakini alikuwa anacheka, cheko ambalo sikuwa nimelisikia tangu Agosti.

Tulikaa sakafuni watu watatu, tukachambua. Kila jani lililopita mikononi mwangu niliona vidole vya mama vikisita, vinangoja nilitazame kisha niliachilie. Sikutoa kioo. Macho yangu yalitosha, na hata kama yasingetosha, sikuthubutu. Tulichemsha, tukatia maziwa, ikalala.

Kesho yake, baada ya kanisa, sufuria iliwekwa mezani. Mama alipakua sahani tatu. Hakuna aliyegusa. Mama mdogo alikunja mikono kifuani, akanisogezea sahani yangu kwa kidole kimoja.

“Onja wewe kwanza, mama.”

Nikatazama upande wa mama, nikidhani atasema ni utani. Alikuwa ameweka kijiko cha kupakulia kando ya sahani yake, na ananitazama mdomo.

Nikakata tonge la ugali, nikachota, nikala. Walinitazama nikitafuna, dada hao wawili, bega kwa bega, mpaka nilipomeza. Mama alihesabu kidogo moyoni, niliona midomo yake. Kisha akanawa mikono upya, akaanza kula.